Jaji wa barabara aliyeishia Ikulu: safari ya Harry Truman kutoka kaunti ya Jackson (uzi mrefu)

Bonde la Rufiji (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu, tafuta pa kukaa. Ukimtaja Harry Truman, wengi wetu tunakumbuka jambo moja tu: rais wa Marekani aliyeangusha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki. Ni kweli, na huko nitafika. Ila mimi nilimfahamu kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa barabara za vijijini.

Nimefanya kazi upande wa ujenzi katika halmashauri moja kwa miaka kadhaa. Nakumbuka kalvati moja tulilolijenga kiangazi. Mvua ya kwanza ikalizoa lote, mabomba yakabaki yamelala mtoni kama magogo. Nilipofungua faili, hati ya kukamilika kwa kazi ilikuwa imeshasainiwa na malipo yameshatoka. Tangu siku ile nasoma kila ninachokipata kuhusu watu walioshika fedha za barabara, wakasalimika au wakazama. Hivyo ndivyo nilivyomkuta Truman. Na naamini kwa dhati kwamba Truman wa Ikulu alifinyangwa kwenye ofisi ya kaunti, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake.

Tuanze.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1884 Lamar, Missouri, akakulia mji wa Independence. Ile herufi "S" katikati ya jina lake haisimamii jina lolote. Babu mmoja alikuwa na Shipp katika jina lake, mwingine aliitwa Solomon, wazazi wakaweka herufi tupu ili pasiwe na babu wa kununa. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni, akavaa miwani minene na kukatazwa michezo ya kusukumana. Akawa mtoto wa vitabu na piano.

Chuo hakusoma. Baba yake alipoteza mali katika biashara ya kubahatisha bei za nafaka, kwa hiyo kijana alipomaliza sekondari mwaka 1901 aliingia kazini moja kwa moja: mtunza muda kwenye ujenzi wa reli, kisha karani wa benki Kansas City. Mwaka 1906 akaitwa nyumbani kusaidia shamba la familia huko Grandview, na huko akalima zaidi ya miaka kumi.

Sasa sikilizeni hili, ndilo lililonikamata. Baba yake alikuwa nyapara wa barabara za eneo lao, kazi ndogo ya kusimamia barabara za vumbi zisizibe. Mzee aliumia akijaribu kuondoa jiwe kubwa barabarani, akafariki mwaka 1914. Mwanawe akashika kazi ileile kwa muda mfupi. Utumishi wa umma wa rais wa 33 wa Marekani ulianzia kwenye mashimo ya barabara ambayo baba yake aliyatolea uhai.

Naendelea chini.

Fundi Lami

Mkuu, tiririka. Mimi ni mtu wa greda na kijiko, nimekaa pembeni nasubiri hizo barabara.

Bonde la Rufiji

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika, Truman alienda Ufaransa akiwa mwanajeshi wa mizinga. Mwaka 1918 alikabidhiwa Betri D, yaani kombania ya mizinga ya kikosi cha 129, watu wapatao 190, wengi wao vijana Wakatoliki wenye asili ya Ireland kutoka Kansas City, watundu waliokuwa wameshawashinda makapteni kabla yake. Yule mwenye miwani akawashika. Walipigana Meuse-Argonne, wakarudi nyumbani wakimheshimu maisha yao yote. Kumbukeni hao vijana, kwa sababu ndio mtaji wake wa kwanza wa kura.

Aliporudi mwaka 1919 alimwoa Bess Wallace, msichana aliyempenda tangu utotoni, na akafungua duka la nguo za kiume Kansas City pamoja na rafiki yake wa jeshini, Eddie Jacobson. Mashati, tai, kofia. Mwanzo biashara ilichanganya. Kisha bei za mazao zikaporomoka nchi nzima, wateja wakakauka, na mwaka 1922 duka likafungwa. Jacobson baadaye aliomba mahakama imtangaze muflisi. Truman alikataa njia hiyo, akalipa madeni kidogo kidogo kwa miaka mingi. Alipoingia Seneti alikuwa bado anadaiwa.

Hapo, akiwa na miaka 38, hana duka na ana deni, ndipo siasa ikamjia. Mmoja wa wanajeshi wenzake aliitwa Jim Pendergast. Ami yake Jim, Tom Pendergast, ndiye aliyekuwa mwenye Kansas City. Katika miaka hiyo Tom hakuwa na cheo chochote cha serikali. Alikaa kwenye ofisi ndogo ya ghorofani, 1908 Main Street, na watu walipanga foleni kumwona: anayetaka kazi, anayetaka makaa ya mawe ya kuotea moto, anayetaka tenda. Krismasi alilisha maskini. Siku ya uchaguzi wafu nao walipiga kura. Na alikuwa na kampuni ya zege. Hilo la zege liwekeni akilini.

Familia ya Pendergast ilihitaji mtu wa mashambani asiye na doa, mwanajeshi anayejulikana, agombee ujaji wa kaunti upande wa mashariki. Truman akakubali.

Usidanganyike na neno "jaji". Kwa Missouri ya wakati ule, jaji wa kaunti hakuhukumu kesi yoyote. Walikuwa watatu: mmoja wa mashariki yenye mashamba, mmoja wa magharibi yaani Kansas City, na mkuu wao aliyechaguliwa na kaunti nzima. Kazi yao ilikuwa kodi, barabara, madaraja, makao ya wazee na mishahara. Kwa kwetu ungewaita madiwani watatu wenye rungu la bajeti.

Kura za maoni za chama chake, Democratic, mwaka 1922 alizishinda kwa tofauti isiyofika kura 300. Wale vijana wa Betri D walizunguka kaunti nzima wakimpigia debe. Bila wao, hatungekuwa na uzi huu.

Kisima cha Ukweli

Samahani mkuu, usipite haraka. Nilisoma kwamba alijiunga na Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi lililochukia watu weusi na Wakatoliki. Hili unalificha?

Bonde la Rufiji

Silifichi, na umefanya vizuri kuuliza. Mwaka 1922 Klan ilikuwa na nguvu kubwa katika kaunti ile. Inasimuliwa kwamba alishauriwa ajiunge, akatoa ada ya dola 10, kisha walipomtaka aahidi kutowaajiri Wakatoliki akakataa na kurudishiwa hela yake. Wakatoliki walikuwa ndio askari wake wa Betri D. Uanachama wenyewe haukukamilika, na mwaka 1924 Klan walimpinga hadharani. Lakini mtu kufika hadi mlangoni kwao si jambo dogo, na mimi silipambi. Alikulia katika familia ambayo mababu wake pande zote mbili walimiliki watumwa, na katika mazungumzo ya faragha alitumia maneno machafu juu ya watu weusi. Tutarudi hapa tukifika 1946.

Mwaka huo 1924 akashindwa. Chama chake kiligawanyika makundi mawili, moja likiitwa Mbuzi na jingine Sungura, Sungura wakamnyima kura, akaangushwa kwa tofauti isiyofika kura elfu moja. Ndio uchaguzi pekee aliowahi kushindwa maishani. Binti yake Margaret alikuwa na miezi michache tu. Akaenda kuuza uanachama wa klabu ya wenye magari ili watu wale. Masomo ya sheria ya jioni aliyokuwa ameyaanza hakuyamaliza.

Mwaka 1926 akarudi, na sasa akiwa jaji mkuu wa kaunti. Alikaa miaka minane. Fundi Lami, zamu yako.

Barabara za kaunti zilikuwa aibu. Zilimwagwa tabaka jembamba juu ya udongo, magari yakaongezeka, tabaka likapasuka kama ganda la mkate. Truman aliwachukua wahandisi wawili, mmoja wa chama chake na mmoja wa chama pinzani, akawapa kazi ya kukagua barabara zote na kuandika mpango mmoja. Halafu akaenda kwa wananchi kuomba ruhusa ya kukopa kwa hati fungani dola milioni 6.5. Watu walimcheka, nani apige kura ya kuongeza deni chini ya utawala wa Pendergast? Alizunguka kijiji kwa kijiji akiahidi jambo moja: kila tenda itakwenda kwa mwenye bei ya chini, awe nani, atoke wapi. Mwaka 1928 wananchi wakapitisha.

Tenda moja ya mwanzo akaipa kampuni ya South Dakota. South Dakota! Wakandarasi wa Kansas City waliokuwa wamezoea kula mezani kwa Pendergast wakapandwa na moto, wakaenda kumshtaki kwa bosi. Truman akaitwa ofisini. Kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe, wakandarasi walikaa wamenuna, bosi akamuuliza, naye akajibu kwamba ameahidi wananchi na hatavunja ahadi. Pendergast akawageukia wale watu akawaambia kwamba aliwaonya mapema: huyu ndiye mtu mbishi kuliko wote Missouri. Akawafukuza. Kisha akamwambia Truman atimize ahadi yake.

Zilijengwa maili zaidi ya 200 za zege, zaidi ya kilomita 320, na hela ikatosha. Alipanda hata miche kando ya barabara kama alivyoona Ufaransa wakati wa vita, ila wakulima wakaifyeka. Wakati Marekani inazama katika mdororo wa uchumi, akapata fedha nyingine, akajenga jengo jipya la mahakama Kansas City. Kabla ya kujenga aliendesha gari lake maelfu ya maili, kwa hela yake, akikagua majengo ya kaunti nyingine. Lililompendeza lilikuwa Shreveport, Louisiana, akamwajiri msanifu wake. Mbele ya jengo akaweka sanamu ya Andrew Jackson, rais wa zamani wa Marekani, juu ya farasi, iliyochongwa na Charles Keck. Hiyo sanamu pia ikumbukeni.

Fundi Lami

Mkuu, hapo kwenye wahandisi wawili wa vyama viwili nimesimama. Mtu akifanya hivyo, kwenye makabrasha hakuna wa kumchafua. Lakini niambie ukweli, Pendergast mwenye kampuni ya zege, barabara za zege, hakuna kilichomwagika pembeni?

Bonde la Rufiji

Kilimwagika. Na hapa ndipo nilipokosa usingizi.

Truman alipozidiwa na ofisi alikuwa akijificha katika hoteli moja ya Kansas City, Pickwick, anafunga mlango, anaandika. Karatasi hizo zipo hadi leo. Hazikuandikwa zisomwe na watu. Humo anakiri kwamba jaji mwenzake alikuwa ameshapatana na watu wa bosi, na ili mpango wa barabara usiliwe wote, yeye Truman aliachia takriban dola 10,000 za mfuko wa kawaida wa kaunti ziibwe na rafiki wa Pendergast, mwenye baa wa zamani. Aliachia elfu kumi ili kuokoa milioni. Kisha anajiuliza kwa kalamu yake mwenyewe kama alifanya sawa au naye ameshiriki jinai. Anajibu: sijui.

Wakuu, nimekaa na hilo "sijui" kwa miaka. Mimi nimewahi kukaa kwenye meza yenye karatasi ya aina hiyo. Wasioijua meza hiyo husema kirahisi, kataa, jiuzulu. Ukijiuzulu, anayekuja baada yako anasaini na ile milioni. Ukibaki, elfu kumi ina alama za vidole vyako. Sisemi Truman alipatia. Nasema hakujidanganya, aliandika kiasi na aliandika kosa.

Na upande wa pili wa mizani: barabara mojawapo ilikata kipande cha shamba la mama yake. Wengine walilipwa fidia. Mama yake hakulipwa, kwa sababu mtoto wake ndiye aliyekuwa jaji mkuu na hakutaka hela ya kaunti iingie nyumbani kwake.

Nyota ya Kaskazini

Huyo mama alikuwa na moyo. Endelea mkuu, Seneti aliingiaje? Maana hadi hapo ni mtu wa kaunti tu.

Bonde la Rufiji

Kwa mlango uleule wa Pendergast. Mwaka 1934 Truman alikuwa anataka kiti cha ukusanyaji kodi wa kaunti, kazi yenye mshahara mzuri. Hakupewa. Bosi alitafuta mgombea wa Seneti, akawafuata wengine kwanza wakakataa, ndipo akamfikia Truman. Akashinda kura za maoni, akashinda na uchaguzi wa Novemba, akaapishwa Januari 1935 akiwa na miaka 50. Washington wakamwita "Seneta wa Pendergast". Baadhi ya wenzake hawakumsalimia. Seneta mmoja mkongwe, J. Hamilton Lewis, alimkalia karibu akamwambia: miezi sita ya kwanza utajiuliza umefikaje hapa, baada ya hapo utajiuliza sisi wengine tulifikaje.

Alijichimbia kwenye reli na usafiri wa anga, hesabu ambazo maseneta wengine walizikimbia. Alikuwa mmoja wa waliotunga sheria ya usafiri wa anga ya 1938.

Kisha dari likamwangukia. Kesi za wizi wa kura Kansas City ziliwatia hatiani watu zaidi ya 200. Mwaka 1939 Pendergast mwenyewe akakiri kukwepa kodi, akafungwa miezi 15 gereza la Leavenworth. Mwaka 1940 Truman akagombea tena bila mtandao wa Pendergast nyuma yake, dhidi ya gavana wa jimbo na dhidi ya mwendesha mashtaka aliyemfunga Pendergast. Usiku wa kuhesabu kura alilala akijua ameshindwa. Asubuhi alikuwa ameshinda kwa kura takriban 8,000.

Kiangazi hichohicho kaunti ikauza shamba la mama yake. Familia ilikuwa imekopa dola 35,000 kutoka mfuko wa shule wa kaunti kwa rehani ya shamba, wakashindwa kulipa, na ofisi ileile aliyoiongoza miaka minane, sasa mikononi mwa mahasimu, ikalinadi. Bibi wa miaka 87 akahamishiwa nyumba ndogo mjini Grandview. Hakuizoea, akaanguka humo na kuvunjika nyonga. Marafiki walikuja kulikomboa shamba baada ya vita.

Bonde la Rufiji

Sasa naingia kwenye kiini, msichoke.

Mwanzoni mwa 1941 Marekani ilikuwa inajenga kambi za jeshi na viwanda vya silaha kwa kasi ya ajabu, hela inamwagwa kama maji. Wapiga kura wakamwandikia Truman kuhusu kambi ya Fort Leonard Wood, huko kwao Missouri: upotevu wa kutisha. Seneta mwingine angeandika barua wizarani. Truman alipanda gari lake akaenda kuangalia. Akakuta mbao na vifaa vimeachwa nje kwenye mvua na theluji, mamia ya watu wanalipwa wamesimama tu. Akaendelea kuendesha, kambi hadi kambi, maelfu ya maili.

Alichokiona alikuwa ameshakiona kwenye kaunti ya Jackson. Mikataba mingi ilikuwa ya kumlipa mkandarasi gharama yote pamoja na ada ya faida. Fundi Lami, wewe unajua maana yake: hakuna anayebana matumizi, maana kila kinachopotea kinarudishwa. Na tenda zilikwenda kwa wakubwa wachache.

Machi 1941 Seneti ikampa kamati maalumu na dola 15,000 za kuanzia. Kamati ya kuchunguza mabilioni! Alimwajiri mwanasheria Hugh Fulton, akajiwekea mpaka mmoja: hatugusi mikakati ya vita. Alikuwa amesoma jinsi kamati ya bunge wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ilivyowasumbua majenerali wa Lincoln, akaapa kutorudia. Yeye ataangalia hela na ubora wa kazi.

Waliyoyakuta yanasisimua mwili. Kiwanda cha Curtiss-Wright huko Ohio kilikuwa kinapitisha injini za ndege zenye kasoro, na wakaguzi waliokataa kusaini walisukumwa. Kiwanda kimoja cha chuma kilighushi vipimo vya mabati ya meli. Unaona? Hati ya kukamilika imesainiwa, kalvati linaelea. Tofauti ni kwamba safari hii juu ya kalvati yuko rubani wa miaka 20.

Hadi vita inaisha kamati ilikuwa haijatumia hata dola milioni moja, na ilichookoa kinakadiriwa kwa mabilioni. Wajumbe wa vyama vyote walisaini ripoti zake bila kupingana. Jina la Truman likajulikana nchi nzima, na hakuna tena aliyemwita seneta wa mtu.

Kuna mlango mmoja tu aliosukuma ukagoma. Mwaka 1943 wachunguzi wake waliona hela nyingi sana zinaingia kwenye mradi mmoja Hanford, jimbo la Washington. Waziri wa Vita, Henry Stimson, akampigia simu Juni mwaka ule akimwomba aachane nao, ni siri kubwa. Truman akaacha. Ulikuwa mradi wa atomiki.

Mwanamke wa Likasi

Bandugu, mimi niko wa Likasi, Katanga. Nimesoma uzi wote kwa sababu nilijua mtafika hapa. Ile urani ilitoka kwetu, Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wababu zetu ndio waliochimba na kubeba kwa mikono, bila mtu kuwaambia wanabeba nini. Watu wanataja Hanford, wanataja Hiroshima, hawataji Shinkolobwe. Naomba uandike jina lile.

Bonde la Rufiji

Dada, asante sana, na jina naliandika: Shinkolobwe. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji, Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, aliona mapema hatari ya Wajerumani, mwaka 1940 akasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi ghala la Staten Island, New York. Yalikuwa na urani nyingi kupita migodi mingine yote iliyojulikana wakati ule, na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Katanga. Kwa hiyo kamati ya Truman ilipokuwa inagonga mlango wa Hanford, upande wa pili wa mlango kulikuwa na jasho la watu wanaoongea lugha hii tunayoandikiana. Na hao hawakuwa na kamati wala seneta wa kwenda kuangalia kwa macho yake hali waliyofanyia kazi. Hilo linaniuma.

Bonde la Rufiji

Chicago, Julai 1944. Rais Roosevelt anagombea urais mara ya nne, mgonjwa, na wakubwa wa chama hawamtaki makamu wake Henry Wallace. Wanamtaka Truman, Truman hataki. Wakamwita chumbani hotelini, Roosevelt akapiga simu, akauliza kama yule mtu amekubali. Aliyeshika simu akamjibu kwamba bado, ni mbishi kama nyumbu wa Missouri. Karibu maneno yaleyale ya Pendergast mbele ya wakandarasi! Roosevelt akasema kama anataka kukivunja chama katikati ya vita, shauri lake. Truman akakubali.

Siku chache baada ya kuapishwa umakamu, Januari 1945, Tom Pendergast akafariki. Wote walimwambia asiende mazikoni. Alikwenda. Wengine wanamlaumu hadi leo. Mimi namwelewa: mtu aliyemwinua alikuwa mwizi, na alikuwa rafiki yake, na hakukana lolote kati ya hayo mawili.

Umakamu ulidumu siku 82. Tarehe 12 Aprili aliitwa Ikulu haraka. Bibi Eleanor Roosevelt akamwambia rais amefariki. Truman akamuuliza amsaidie nini. Akajibiwa: tukusaidie nini wewe, maana sasa wewe ndiwe uliye kwenye shida. Usiku huohuo Stimson akamgusia ile silaha, na tarehe 25 akaelezwa kwa kirefu kilichokuwa nyuma ya mlango wa Hanford.

Agosti 6 Hiroshima, Agosti 9 Nagasaki. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao raia, kwa mara moja. Watetezi wake wanasema aliokoa wanajeshi wengi zaidi ambao wangekufa kwa uvamizi. Mimi nimesoma hoja hiyo mara nyingi na bado hainitoshi. Yule aliyeandika "sijui" kwa dola 10,000, kuhusu mabomu hakuandika hivyo. Hadharani alisema hajutii. Hapo tunaachana, mimi na yeye.

Kisima cha Ukweli

Heshima kwako kwa hilo. Uliahidi 1946.

Bonde la Rufiji

Februari 1946 Isaac Woodard, sajenti mweusi aliyekuwa ametoka tu kuruhusiwa jeshini, bado amevaa sare, alishushwa kwenye basi South Carolina, akapigwa na mkuu wa polisi hadi akapofuka macho yote mawili. Truman alipoelezwa alitetemeka. Yeye alikuwa kapteni, alijua sare ile. Akaunda kamati ya haki za raia, akahutubia NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kwenye jengo la kumbukumbu ya Lincoln mwaka 1947, na tarehe 26 Julai 1948 akasaini amri 9981 ya kuondoa ubaguzi jeshini. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, kusini mwa nchi chama kikapasuka. Wote waliona ameshakufa kisiasa. Alizunguka nchi kwa treni zaidi ya maili 20,000, akihutubia nyuma ya behewa, vituo vidogo hata vya watu wachache, ileile ya kijiji kwa kijiji ya 1928. Gazeti moja la Chicago lilichapisha kwamba mpinzani wake, Dewey, amemshinda. Alishinda yeye, na ile picha akilionyesha gazeti huku anacheka mnaijua.

Nyota ya Kaskazini

Na ile sanamu ya farasi uliyotuambia tuikumbuke?

Bonde la Rufiji

Usingeuliza ningesahau. Keck alimtengenezea Truman nakala ndogo ya sanamu ile, naye akaiweka ofisini Ikulu. Machi 1948 Eddie Jacobson, yule mwenzake wa duka la mashati, Myahudi, alikuja kumwomba ampokee Chaim Weizmann, kiongozi wa Wayahudi waliotaka taifa lao Palestina. Truman alikuwa amechoshwa na shinikizo la Palestina, akakataa kwa ukali. Jacobson akaiona sanamu, akanyoosha kidole: huyo Jackson ndiye shujaa wako, mimi pia nina shujaa wangu, mgonjwa, amesafiri maelfu ya maili kukuona. Truman akageuza kiti, akatazama dirishani muda mrefu, akakubali. Mei 14 Marekani ikaitambua Israeli dakika 11 baada ya kutangazwa. Kwa Wapalestina, matokeo ya miezi ile wanaishi nayo hadi leo, na mimi siwezi kusimulia habari ya kidole na sanamu bila kuyataja.

Fundi Lami

Mwisho wake ukawaje? Alitajirika?

Bonde la Rufiji

Hapana. Vita ya Korea na kumfukuza kamanda wake huko, Jenerali MacArthur, mwaka 1951 vilimmaliza, mwanzoni mwa 1952 waliomkubali walikuwa asilimia 22 tu. Januari 1953 alipanda treni kurudi Independence, nyumba ya ukoo wa mkewe, 219 North Delaware. Marais wastaafu hawakuwa na pensheni wakati ule. Alikuwa na ile ya jeshi, dola 112 na senti kadhaa kwa mwezi. Sheria ya pensheni ya marais ilikuja 1958.

Kiangazi cha 1953 yeye na Bess waliingia kwenye gari lao wenyewe, bila mlinzi, bila dereva, wakaendesha kutoka Missouri hadi pwani ya mashariki na kurudi. Huko Pennsylvania askari wa barabarani aliwasimamisha. Bwana mmoja mwenye miwani minene alikuwa ameng'ang'ania njia ya kushoto kwenye barabara kuu, anakwenda polepole, na nyuma yake kuna msururu wa magari.

Askari akainama dirishani, akamtambua.